Mbeya City F.C.

Mbeya City Football Club (kwa kifupi: Mbeya City) ni klabu ya mpira wa miguu yenye makao yake katika jiji la Mbeya, kusini-magharibi mwa Tanzania. Ilianzishwa mwaka 2011 na Halmashauri ya Jiji la Mbeya na hutumia Uwanja wa Sokoine kwa mechi zake za nyumbani. Rangi zake ni zambarau na nyeupe.

Klabu ilipanda Ligi Kuu Tanzania Bara kwa mara ya kwanza katika msimu wa 2013/14 na kumaliza katika nafasi ya tatu, nyuma ya Azam na Yanga na mbele ya Simba. Ilidumu katika Ligi Kuu kwa misimu kumi mfululizo hadi iliposhuka daraja mwaka 2023. Baada ya misimu miwili katika Ligi ya Championship ilipanda tena, na kurudi Ligi Kuu kwa msimu wa 2025/26.

Mbeya City hutajwa mara nyingi kama mfano wa timu ya halmashauri, yaani timu inayomilikiwa na serikali ya mtaa. Historia yake inaonyesha nguvu ya timu ya namna hiyo, ambayo ni kuwa na mji mzima nyuma yake. Inaonyesha pia ugumu wake: kuwabakiza wachezaji na makocha wanapoanza kutakiwa na klabu zenye fedha zaidi.

Jina na lakabu

Jina la klabu linatokana na hadhi ya Mbeya kama jiji, hadhi ambayo mji huo uliipata mwaka 2005. Lakabu yake inayojulikana zaidi ni Wagonga Nyundo. Washabiki hutumia pia kaulimbiu ya "Koma Kumwanya", maneno ya Kinyakyusa yenye maana ya "piga juu".

Mpira wa miguu Nyanda za Juu Kusini kabla ya 2011

Mbeya City haikuwa timu ya kwanza kutoka eneo hilo kusumbua klabu za Dar es Salaam. Mwaka 1986 Tukuyu Stars, timu ya mji mdogo wa Tukuyu katika wilaya ya Rungwe, ilitwaa ubingwa wa Tanzania Bara katika msimu wake wa kwanza baada ya kupanda daraja. Tukuyu Stars ilijulikana kama Banyambala. Miongoni mwa wachezaji wake walikuwemo Mbwana Makata, Justin Mtekere, Salum Kabunda, Kelvin Haule na Godwin Aswile. Timu hiyo haikurudia mafanikio hayo, na baadaye ilitoweka katika ligi ya juu.

Katika jiji la Mbeya kwenyewe, timu zilizofahamika zilikuwa za mashirika na taasisi za umma. Mecco ilikuwa timu ya kampuni ya ujenzi ya umma. Tanzania Prisons, inayoitwa pia Wajelajela, ni timu ya Jeshi la Magereza na imecheza Ligi Kuu kwa miaka mingi. Mkoani Iringa, klabu kongwe ni Lipuli, ambayo washabiki wake huiita Wanapaluhengo.

Kwa hiyo wakazi wa Mbeya walikuwa na timu ya kushabikia kabla ya 2011, lakini timu hiyo ilikuwa ya jeshi. Wachezaji wengi wa Prisons walikuwa askari au waajiriwa wa Magereza, na jina lake halikuutaja mji. Timu yenye jina la jiji ilikuwa bado haijapatikana.

Historia

Kuanzishwa na kupanda daraja

Halmashauri ya Jiji iliianzisha klabu mwaka 2011 na kuigharimia kutoka katika mapato yake. Kocha aliyeijenga timu ya mwanzo ni Juma Mwambusi. Kikosi chake hakikuwa na majina makubwa. Wengi walikuwa vijana ambao hawakuwahi kucheza Ligi Kuu.

Katika msimu wa 2012/13 Mbeya City ilicheza Ligi Daraja la Kwanza, ambayo wakati huo iligawanywa katika makundi matatu. Miongoni mwa wapinzani wa kundi lake walikuwa Majimaji ya Songea, Polisi Iringa na Kurugenzi ya Mufindi. Mbeya City iliongoza kundi na kupanda Ligi Kuu pamoja na Ashanti United ya Dar es Salaam na Rhino Rangers ya Tabora.

Msimu wa 2013/14

Ligi Kuu ya msimu huo ilikuwa na timu 14, na kila timu ilicheza mechi 26. Timu iliyopanda daraja kwa kawaida hupigania kubaki, lakini Mbeya City ilikuwa karibu na kilele tangu mwanzo. Ilitoka sare ya 1–1 na Yanga mjini Mbeya, sare ya 2–2 na Simba jijini Dar es Salaam, na sare ya 3–3 na Azam katika uwanja wa Azam uliopo Chamazi.

Mzunguko wa kwanza wa mechi 13 ulipomalizika, Mbeya City haikuwa imefungwa hata mara moja. Yanga iliongoza ligi kwa pointi 28, ikifuatiwa na Azam na Mbeya City zenye pointi 27 kila moja. Simba ilikuwa nyuma yao.

Mechi ya kwanza kupoteza ilikuwa dhidi ya Yanga jijini Dar es Salaam, Februari 2014, kwa bao 1–0. Baada ya hapo Mbeya City haikuweza kuzifikia Yanga na Azam, lakini iliendelea kushika nafasi ya tatu.

Tarehe 13 Aprili 2014 Azam ilifika Uwanja wa Sokoine ikihitaji ushindi ili kuwa bingwa kabla ya mechi ya mwisho. Ilishinda 2–1 na kutwaa ubingwa wake wa kwanza mjini Mbeya. Azam ilimaliza msimu bila kupoteza mechi, na ilikuwa timu ya kwanza nje ya Simba na Yanga kuwa bingwa tangu Mtibwa Sugar mwaka 2000.

Msimamo wa juu wa ligi mwishoni mwa msimu ulikuwa hivi:

1. Azam – pointi 62
2. Yanga – pointi 56
3. Mbeya City – pointi 49
4. Simba – pointi 38

Katika timu tatu zilizopanda pamoja, Mbeya City pekee ndiyo iliyobaki. Ashanti United na Rhino Rangers zilishuka, pamoja na JKT Oljoro ya Arusha.

Nafasi ya tatu haikuipa Mbeya City tiketi ya mashindano ya Shirikisho la Mpira wa Miguu Afrika (CAF). Wakati huo Tanzania Bara ilikuwa na nafasi mbili tu: bingwa alikwenda Ligi ya Mabingwa Afrika, na mshindi wa pili alikwenda Kombe la Shirikisho.

Kombe la Bonde la Nile

Baada ya msimu huo, Mbeya City iliiwakilisha Tanzania katika Kombe la Bonde la Nile lililoandaliwa na Baraza la Vyama vya Mpira wa Miguu Afrika Mashariki na Kati (CECAFA). Mashindano hayo yalifanyika Khartoum, Sudan, kuanzia Mei 2014. Yalikuwa mashindano ya kwanza ya kimataifa kwa klabu hiyo, miaka mitatu baada ya kuanzishwa. Kombe lilitwaliwa na Victoria University ya Uganda.

Kuondoka kwa kizazi cha kwanza

Msimu wa 2014/15 ulianza vibaya, na kwa muda timu ilikuwa katika nafasi za chini. Iliinuka katika sehemu ya pili ya ligi na kumaliza ya nne, nyuma ya Yanga, Azam na Simba.

Baada ya hapo kikosi kilianza kuvunjika. Mwaka 2015 kiungo Deus Kaseke alijiunga na Yanga na Peter Mwalyanzi akajiunga na Simba. Mshambuliaji Paul Nonga alikwenda Mwadui, kisha Yanga. Katika mwaka huohuo Juma Mwambusi aliondoka kwenda Yanga kuwa kocha msaidizi chini ya Mholanzi Hans van der Pluijm. Mwambusi na Kaseke walikuwemo Yanga ilipotwaa ubingwa wa 2015/16 na kufika hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2016.

Mbeya City ilijaribu kuziba mapengo kwa watu wenye uzoefu. Golikipa Juma Kaseja, aliyekuwa ameichezea Simba na timu ya taifa kwa miaka mingi, alijiunga na klabu kwa msimu wa 2015/16. Nafasi ya Mwambusi ilichukuliwa na Kinnah Phiri, aliyewahi kuwa kocha wa timu ya taifa ya Malawi. Baadaye timu ilifundishwa na Mrundi Ramadhani Nswanzurimo.

Katika miaka hiyo Mbeya City haikurudi tena katika nafasi tatu za juu. Hata hivyo iliendelea kutoa wachezaji. Mshambuliaji Eliud Ambokile alikuwa miongoni mwa wafungaji waliokuwa juu katika mzunguko wa kwanza wa msimu wa 2018/19. Mwanzoni mwa mwaka 2019 alikwenda Black Leopards ya Afrika Kusini, na baadaye akasajiliwa na TP Mazembe ya Lubumbashi, mojawapo ya klabu kubwa barani Afrika.

Kupigania kubaki, 2019–2022

Msimu wa 2019/20 ulianza Mwambusi akiwa amerejea kuwa kocha, lakini hali ya timu haikuwa nzuri. Ligi ilikuwa na timu 20 na idadi hiyo ilitakiwa kupunguzwa, hivyo timu nne zilishuka moja kwa moja: Singida United, Lipuli, Ndanda na Alliance. Mbeya City ilikuwa mojawapo ya timu mbili zilizolazimika kucheza mechi za mchujo. Iliitoa Geita Gold na kubaki. Mbao ya Mwanza, iliyokuwa katika hali hiyohiyo, ilitolewa na Ihefu na kushuka.

Makocha waliofuata ni pamoja na Amri Said na Mganda Mathias Lule. Mechi inayokumbukwa zaidi katika kipindi hicho ni ile ya tarehe 17 Januari 2022, Mbeya City ilipoifunga Simba, bingwa mtetezi, bao 1–0 katika Uwanja wa Sokoine. Bao lilifungwa na Paul Nonga, ambaye alikuwa amerudi katika klabu baada ya kuzunguka timu kadhaa.

Kushuka na kurudi

Mwishoni mwa msimu wa 2022/23 Mbeya City iliangukia tena kwenye mchujo. Safari hii ilipoteza kwanza kwa KMC ya Kinondoni, ambayo pia ni timu ya halmashauri. Ikabaki na nafasi moja ya mwisho: kuishinda Mashujaa ya Kigoma iliyotoka Ligi ya Championship. Mashujaa ilishinda na kupanda. Mbeya City ilishuka baada ya misimu kumi.

Katika Ligi ya Championship klabu haikupanda katika jaribio la kwanza la 2023/24. Katika msimu wa 2024/25 ilimaliza nafasi ya pili nyuma ya Mtibwa Sugar, na timu zote mbili zilipanda moja kwa moja.

Umiliki na fedha

Timu nyingi za Ligi Kuu Tanzania Bara zina mmiliki anayejulikana. Simba na Yanga ni klabu za wanachama. Azam ni ya familia ya kibiashara ya Bakhresa. Mtibwa Sugar na Kagera Sugar zimetokana na viwanda vya sukari, na timu kama Prisons, JKT na Polisi zimetokana na majeshi na vikosi vya usalama. Mbeya City ni ya kundi la timu za halmashauri, pamoja na KMC na Geita Gold.

Kuwa chini ya halmashauri kuna faida zake. Timu huwa na mlezi wa kudumu, na wakazi huiona kama mali ya mji wao bila kujali dini, kabila au kazi. Kwa upande mwingine, fedha za halmashauri ni za umma na hupitishwa katika bajeti. Mpira hushindana na barabara, shule, zahanati na masoko kwa fedha hizohizo. Halmashauri haiwezi kuongeza ofa ya mshahara katikati ya dirisha la usajili kama anavyoweza kufanya mfanyabiashara. Hali hiyo husaidia kueleza kwa nini mafanikio ya 2013/14 yalifuatwa na kuondoka kwa waliohusika.

Ili kupunguza mzigo huo klabu imetafuta wadhamini. Mwaka 2014, baada ya mafanikio ya msimu wa kwanza, iliingia mkataba na kampuni ya Bin Slum Tyres, na jezi zake zikatangaza betri za RB.

Uwanja

Uwanja wa Sokoine upo katikati ya jiji la Mbeya. Umepewa jina la Edward Moringe Sokoine, Waziri Mkuu wa Tanzania aliyefariki katika ajali ya gari tarehe 12 Aprili 1984. Kama ilivyo kwa viwanja vingine vingi vya mikoani, ukiwemo Uwanja wa Samora wa Iringa, mmiliki wake ni Chama cha Mapinduzi. Kwa hiyo Mbeya City ni timu ya jiji isiyomiliki uwanja inaochezea. Huutumia pamoja na Tanzania Prisons.

Mbeya iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hali ya hewa yake ni ya baridi kuliko ya pwani. Safari ya barabara kutoka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800, kupitia Morogoro, Iringa na Makambako. Timu zinazotoka pwani hufika katika mazingira tofauti na yale ziliyozoea. Lakini umbali huohuo huigharimu Mbeya City, ambayo husafiri hadi Dar es Salaam mara kadhaa kila msimu kwa sababu timu nyingi za ligi ziko huko na maeneo ya karibu.

Washabiki na upinzani

Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2022 jiji la Mbeya lina wakazi zaidi ya 500,000. Katika msimu wa 2013/14 washabiki wa Mbeya City walijulikana nchini kwa kuifuata timu yao ugenini wakiwa wamevaa zambarau. Hilo lilikuwa jambo lisilo la kawaida kwa timu ya mkoani. Katika miji mingi ya Tanzania mtu hushabikia kwanza Simba au Yanga, na timu ya mkoa wake huwa ya pili.

Mpinzani wa karibu ni Tanzania Prisons. Mechi kati yao huitwa dabi ya Mbeya na huchezwa na timu zote mbili zikiwa nyumbani. Dabi hiyo ilikosekana katika Ligi Kuu kwa misimu miwili Mbeya City ilipokuwa Championship.

Timu nyingine za mkoa wa Mbeya zilizocheza Ligi Kuu katika miaka ya karibuni ni Mbeya Kwanza, iliyopanda na kushuka katika msimu mmoja wa 2021/22, na Ihefu ya wilaya ya Mbarali. Ihefu ndiyo iliyokatisha mfululizo wa mechi 49 za Yanga bila kupoteza, ilipoifunga 2–1 Novemba 2022. Hata hivyo mwaka 2024 ilihamia Singida na kubadilishwa jina kuwa Singida Black Stars, na Mbarali ikabaki bila timu ya Ligi Kuu.

Kulinganishwa na Lipuli ya Iringa

Lipuli ya Iringa ilirudi Ligi Kuu katika msimu wa 2017/18, ikipanda pamoja na Njombe Mji na Singida United. Chini ya kocha Selemani Matola ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam katika msimu wa 2018/19. Katika nusu fainali iliitoa Yanga kwa mabao 2–0 kwenye Uwanja wa Samora. Fainali ilichezwa tarehe 1 Juni 2019 katika Uwanja wa Ilulu, Lindi, na Azam ilishinda 1–0 kwa bao la Obrey Chirwa. Paul Nonga alikuwa katika kikosi hicho cha Lipuli.

Mwaka mmoja baadaye Lipuli ilishuka daraja. Tukuyu Stars, Lipuli na Mbeya City zinafanana katika jambo moja: kila moja ilifika karibu na kilele au kilele chenyewe kwa haraka, kisha ikashindwa kubaki hapo. Tofauti ni kwamba Mbeya City ilikaa Ligi Kuu miaka kumi mfululizo, na iliposhuka mmiliki wake hakuiacha wala kuihamisha.

Mafanikio

- Nafasi ya tatu, Ligi Kuu Tanzania Bara: 2013/14
- Nafasi ya nne, Ligi Kuu Tanzania Bara: 2014/15
- Kushiriki Kombe la Bonde la Nile: 2014
- Nafasi ya pili, Ligi ya Championship: 2024/25

Tazama pia

- Tanzania Prisons
- Tukuyu Stars
- Lipuli F.C.
- Uwanja wa Sokoine
- Ligi Kuu Tanzania Bara